Jenereta, inveta au sola: kipi kinakufaa Unguja na Pemba?

Mtu akiingia duka la vifaa vya umeme Mlandege au Chake Chake akauliza afunge nini nyumbani ili umeme usimsumbue, jambo la kwanza analoulizwa ni ana shilingi ngapi. Swali hilo linakuja mapema mno. La kwanza liwe hili: giza unaloliogopa ni la saa nne au la miezi mitatu? Chombo kinachokuvusha jioni moja si lazima kikuvushe msimu mzima, na wengi wanaojuta walinunua cha jioni wakakipa kazi ya msimu, au walinunua cha msimu kwa ajili ya jioni tu.

Giza la miezi mitatu halikubuniwa na wauza sola. Unguja inalishwa kwa kebo zinazopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, Bara, hadi Ras Fumba. Ya kwanza, ya MW 45, ilianza kazi 1980. Mei 2008 njia hiyo ikapata hitilafu na kisiwa kikakaa karibu mwezi mzima bila umeme wa gridi. Disemba 2009 ikaharibika tena, na umeme haukurudi hadi Machi 2010. Kebo ya pili, ya MW 100, ilianza kazi 2013, na hapo hofu ikapungua. Pemba iliishi kwa majenereta ya dizeli ya Wesha hadi 2010, ilipounganishwa na Tanga kwa kebo ya kV 33 inayotokea Ras Mkumbuu. Kebo yenyewe ni moja. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa MW 2,115, lakini umeme wake haufiki Wete ila kwa kupita kwenye uzi ule mmoja, na mwenye nyumba wa Wete aliweke hilo kwenye hesabu yake kuliko mwenye nyumba wa Kiembesamaki.

Giza la kila siku ni jengine kabisa. Kuti la mnazi limeangukia waya, chumvi imetanda kwenye vikombe vya nguzo, transfoma ya mtaa imezidiwa, mafundi wamezima laini kwa matengenezo. Hilo linakwisha kwa saa, na dawa yake ni nyepesi.

Pima nyumba yako kwa uniti

Kila mwenye mita ya Tukuza anaijua uniti, basi tuitumie hiyohiyo: wati 1,000 kwa saa moja. Chukua nyumba ya familia usiku wa kaskazi, joto limekaa. Feni 3 za wati 55, taa 6 za LED za wati 9, televisheni ya wati 50, ruta ya wati 10, na friji dogo linalovuta wati 100 likinguruma lakini kwa kuwaka na kuzima huwa kama wati 50 za mfululizo. Jumla ni kama wati 330. Saa 4 zinakula uniti 1.3. Ukienda saa 10 hadi alfajiri, taa na televisheni zikizimwa baada ya saa 4, unatumia uniti 2.7. Ukiongeza matumizi ya mchana, siku nzima haifiki uniti 5.

Wati na uniti watu wanazichanganya, na hapo ndipo pesa inapopotea. Wati ni unene wa bomba, uniti ni maji yaliyomo tangini. Birika la umeme la wati 2,000 likichemsha dakika 5 linakula chini ya robo ya uniti, si kitu, lakini inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani) ya wati 1,000 itazima papo hapo kwa sababu bomba lake ni jembamba. Feni moja haisumbui inveta yoyote, ila ikizunguka usiku kucha inakomba betri ndogo.

Kisha kuna teke la kuwaka. Friji la wati 100 linapoanza huvuta mara 5 hadi 8 ya hapo kwa nukta ya sekunde. Pampu ya nusu farasi, ambayo ikishazunguka inatumia kama wati 550, inaweza kudai karibu wati 2,000 ikianza. Inveta au jenereta lichaguliwe kwa teke hilo, si kwa wati zilizoandikwa ubavuni mwa pampu.

Kwa nyumba hiyo tuliyoihesabu, mambo yanasimama hivi:

| | Jenereta la petroli, kVA 3.5 | Inveta na betri ya lithiamu ya uniti 5, bila paneli | Sola haibridi: betri hiyohiyo na paneli 4 za wati 550 |
|---|---|---|---|
| Giza la saa 4 | Linatosha, kwa kelele na lita 3 hivi | Inatosha, hakuna anayejua umeme umekatika | Inatosha |
| Siku 3 mfululizo | Linatosha, mafuta yakiwepo | Inakata usiku wa pili | Inatosha, masika kwa kubana matumizi |
| Miezi 3 | Mafuta yanakumaliza | Haifai peke yake | Inatosha kwa nidhamu |
| Gharama ya kila siku | Petroli, oili | Umeme wa kuchaji tu | Maji ya kuosha paneli |
| Kinachoharibika mwanzo | Kabureta, AVR (kirekebisha volti) | Mipangilio mibaya ya chaji | Viungio na bolti kwa chumvi |

Jenereta: nguvu nyingi, uniti ghali

Sifa yake ni moja, na ni kubwa: linatoa nguvu zote wakati huohuo, na ukiongeza mafuta linaendelea. Kwa pampu ya kisima, mashine ya kuchomelea au friza tatu za samaki, hakuna cha bei hiyo kinachofanana nalo siku ya kwanza. Shida ni kwamba kibandiko cha kVA 3.5 ni cha kilele. Kwa kazi ya mfululizo hesabu wati 2,500 hadi 2,800.

Ubaya wake unaonekana likitumika kwa mzigo mdogo. Injini inayozungusha wati 330 tu haili mafuta kidogo kwa kiasi hicho. Bado inakunywa kama lita 0.6 hadi 0.7 kwa saa. Usiku wa saa 10 ni lita 6 na nusu kwa uniti 2.7. Bei ya petroli hutangazwa na ZURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma Zanzibar, kila mwezi, lakini hata ukiweka 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, uniti moja imekugharimu zaidi ya shilingi 7,000. Itoe risiti yako ya Tukuza, weka pembeni, tazama. Kwa siku 90 hizo ni lita 585, na wakati wa giza refu kila mwenye jenereta yuko kwenye foleni ileile ya kituo cha mafuta.

Linaloua majenereta ya majumbani ni kukaa. Petroli iliyobaki kwenye kabureta miezi miwili mitatu huacha gundi inayoziba tundu dogo la mafuta, na siku ya giza unavuta kamba hadi bega linauma. Ukishamaliza kulitumia, funga koki ya mafuta uliache lijizime lenyewe kwa kukauka. Liwashe kila wiki mbili kwa dakika 20, na liwe na mzigo, walau pasi. Oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20 za kazi, kisha kila saa 50 hadi 100. Mengi ya ukubwa huu hubeba lita 0.6 tu, kiasi hicho kidogo kikipungua, injini inakwama ndani ya usiku mmoja.

Mambo mawili hayana mjadala. Jenereta halikai ukumbini, wala kwenye ujia baina ya nyumba mbili chini ya madirisha: moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu, na inaua waliolala. Pili, usilishe nyumba kwa waya wenye plagi dume pande zote mbili. Umeme unarudi nyuma kupitia mita hadi kwenye transfoma, unapandishwa, na fundi wa shirika la umeme aliyepanda nguzo akidhani laini imekufa ndiye anayeupokea. Swichi ya chenjiova, inayochagua ama shirika ama jenereta, inafungwa mara moja na kazi imekwisha.

Inveta na betri: hapa ndipo wengi wangeanzia

Anayeishi kwenye maghorofa ya Michenzani hana paa lake. Mpangaji hataki kutoboa mabati ya mtu. Nyumba nyingi za mjini zinakatikiwa saa mbili, saa nne, basi. Kwa hao wote inveta yenye betri inayochajiwa na umeme wa shirika inatosha, na kwa maoni yetu wauzaji wanawaharakisha mno kununua paneli. Nunua inveta ya haibridi tangu mwanzo, yenye tundu la kupokea paneli, hata kama tundu hilo litakaa tupu miaka miwili.

Uamuzi mzito uko kwenye betri. Betri ya risasi, iwe ya maji au jeli, ya V 12 Ah 200 (volti 12, ampea-saa 200) ina uniti 2.4 kwenye karatasi. Uitakie maisha, usiishushe chini ya nusu, inabaki 1.2, na inveta inakula kidogo, unapata kama uniti 1 mkononi. Usiku wa saa 10 wa nyumba yetu unahitaji betri tatu za namna hiyo, na kwa kuwa inveta ya V 24 inataka jozi, utafunga nne. Betri moja ya lithiamu chuma fosfeti ya V 51.2 Ah 100 ina uniti 5.1, unaweza kutumia asilimia 80 hadi 90, unapata karibu uniti 4. Ya risasi ukiishusha hadi nusu inategemewa kwa mizunguko 500 hadi 1,000. Ya lithiamu huuzwa kwa mizunguko 3,000 hadi 6,000. Halafu kuna joto. Betri ya risasi hupimwa kwa nyuzi 25, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukata maisha yake karibu nusu. Stoo ya mabati Pemba mwezi wa Februari inapita hapo kwa mbali.

Lakini hoja inayomaliza ubishi ni kasi ya kujaa. Betri ya risasi hula chaji taratibu, na asilimia 20 za mwisho zinachukua saa nyingi. Umeme ukikatika asubuhi, ukarudi kwa saa tatu tu, ukakatika tena jioni, betri hiyo haijai hata siku moja, na salfeti inaganda kwenye sahani zake. Ndani ya mwaka inakuonesha imejaa, ukiiwekea feni mbili inazima baada ya nusu saa. Ya lithiamu inapokea ampea 50 bila kulalamika na inajaa kwa saa mbili. Betri ya risasi inabaki na maana pale tu umeme unapokatika mara chache kwa mwezi na pesa ni finyu.

Mipangilio ndiyo inayoua betri nzuri. Inveta nyingi za V 24 zinatoka kiwandani zikiwa zimepangwa kukata betri ikifika V 21. Hapo betri ya risasi imekufa tayari. Ipandishe ikate V 23.5 au 24. Kwa lithiamu ya V 51.2, chaji V 56 hadi 56.8, ikate V 48, na aina ya betri ichaguliwe ipasavyo badala ya kuachwa kwenye jeli. Kuna kipengele kingine ambacho mafundi wengi hawakigusi: upana wa volti zinazokubaliwa kutoka kwa shirika. Kwenye hali ya UPS inveta inaikataa laini ikishuka chini ya V 170. Kijijini mwisho wa laini, ambako jioni volti zinaweza kuporomoka hadi 160, itarukia betri kila dakika tano na betri itachoka bure. Ukiipanga upande wa pili itakubali hadi V 90, na hapo kompresa ya friji inaungua. Bora ibaki UPS, betri iongezwe, na friji liwekewe kinga inayochelewesha dakika 3 umeme unaporudi.

Usinunue inveta ya V 12 kwa zaidi ya wati 1,000. Wati 3,000 kwa V 12 ni ampea 250 na zaidi, waya mnene kama kidole gumba, na kiungio kimoja kilicholegea kinayeyusha plastiki. Kwa V 24 ni kama ampea 140, waya wa mm² 35. Kwa V 48 ni kama 70. Fyuzi au breka ya betri iwe ya DC, yaani umeme wa betri na paneli. Breka ya kawaida ya AC, yaani umeme wa ukutani, haiwezi kuuzima mwale wa umeme wa DC ukishawaka ndani yake. Inaungua hata baada ya kujizima.

Sola: paneli ni sehemu rahisi

Paneli 4 za wati 550 ni wati 2,200. Visiwani hapa jua linatoa wastani wa kama saa 5 za nguvu kamili kwa siku. Toa robo kwa joto, vumbi na hasara za waya, unapata kama uniti 8. Nyumba yetu inatumia chini ya 5. Ziada ya mchana ipe pampu ijaze tangi, ipe pasi, igandishe chupa za maji kwenye friza. Tangi la lita 1,000 lililo juu ni betri isiyozeeka. Visima vya mji hutegemea pampu za umeme, kwa hiyo giza likirefuka na mabomba yanakauka.

Masika ni mtihani. Siku ya wingu zito paneli hizo zinaweza kutoa uniti 2 tu, na siku kama hiyo hufuatana na nyenzake. Jibu si kununua paneli 12. Andika orodha ya vinavyozimwa: kwanza televisheni, kisha friji, vibaki taa, feni mbili na simu, ambavyo havifiki uniti 1.5 kwa usiku. Nyumba yenye orodha hiyo ukutani inavuka. Isiyo nayo inaamka saa tisa usiku betri imekata, na friji limezima hata hivyo.

Kosa linalojirudia ni kununua paneli mbili "kwa kuanzia". Inveta nyingi za haibridi zinaanza kuvuna paneli zikifikisha V 120. Paneli ya wati 550 kwenye karatasi inafanya kazi kwa V 41 hivi, lakini juu ya mabati saa saba mchana inashuka hadi V 36. Mbili zilizofuatana ni V 72, inveta haizioni. Tatu ni V 108, bado. Nne ni V 144, inavuna. Upande wa juu nako kuna ukuta: paneli moja isiyo na mzigo inafika V 50, na inveta yenye kikomo cha V 145 ukiiunganishia tatu mfululizo itaungua asubuhi ya kwanza. Soma namba mbili ubavuni, ya chini na ya juu, kabla ya kuhesabu paneli.

Hapa Unguja na Pemba, nyuzi 5 hadi 6 kusini mwa ikweta, paneli zielekee kaskazini kwa mwinamo mdogo wa nyuzi 10, kiasi cha mvua kuziosha. Paa lililopo likielekea mashariki au magharibi, hasara ni ndogo. Usijenge jukwaa la chuma kwa ajili ya asilimia chache. Kivuli ndicho cha kuogopa. Mnazi mmoja unaotupa kivuli cha shina kwenye kona ya paneli saa tisa unaweza kuondoa theluthi ya mavuno ya paneli hiyo, na zaidi.

Chumvi inataka fungu lake. Pwani ya mashariki, Paje hadi Makunduchi, kusi inaleta mvuke wa bahari miezi mingi. Nungwi inapigwa zaidi na kaskazi. Reli ziwe za alumini, bolti za chuma cha pua daraja la 316. Bolti ya kawaida ikikutana na alumini kwenye hewa ya chumvi, mwaka wa pili ni unga mwekundu. Viungio vya paneli viwe vya aina moja dume na jike, vikazwe kwa koleo lake, visilale kwenye bati ambako maji yanatuama. Inveta ina feni inayovuta hewa, kwa hiyo isifungwe barazani kwa kuelekea bahari. Ukuta wa ndani, upande usiopigwa na upepo. Paneli zioshwe kwa maji matamu alfajiri kabla jua halijapanda. Maji ya kisima cha pwani yakikauka juu ya kioo yanaacha ukungu mweupe.

Ardhi nayo ina tabia zake. Magharibi ya Unguja na sehemu kubwa ya Pemba udongo ni laini, chuma cha athi (kinachopeleka ardhini umeme uliovuja) cha mita 1.5 kinazama. Kwenye uwanda wa mawe ya matumbawe, Jambiani au Kizimkazi, kinagonga jiwe sentimita 30, na fundi mvivu anakikata. Chimba mtaro mrefu ulaze utepe wa shaba, au weka vyuma vitatu vilivyoachana, uvifunge pamoja.

Juu ya makuti usiweke paneli. Uzito wa kilo 27 kila moja si hoja pekee. Cheche moja ya kiungio kibovu na banda limekwenda. Simamisha nguzo pembeni. Mji Mkongwe, uliomo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, mambo ya mapaa yana wenyewe: pita kwanza mamlaka ya hifadhi kabla ya kulipa fundi.

Sola isiyo na betri

Hii inauzwa kwa mahoteli na bei yake inavutia. Inapunguza bili ya mchana ya viyoyozi (AC) na mashine za kufulia, na hapo inajilipa haraka kuliko aina nyengine zote. Lakini umeme wa shirika ukikatika nayo inazima, jua likiwa utosini. Imetengenezwa hivyo makusudi ili isimuue fundi wa laini. Kwa usalama wa nishati haina msaada. Pia inahitaji makubaliano na shirika lenyewe, ZECO, na baadhi ya mita za malipo ya kabla zinahesabu umeme unaotoka kama vile umeingia, ukalipishwa kwa ulichozalisha. Panga isisukume chochote nje hadi mita ibadilishwe.

Pima kabla hujalipa

Paneli bandia zimejaa, na kuzitambua hakuhitaji fundi. Chukua futi kamba. Paneli nzuri ya leo inatoa wati 200 hadi 215 kwa mita moja ya mraba. Yenye urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 67 haiwezi kuzidi wati 140 na kitu, hata kibandiko kiseme 300. Betri ya risasi ya Ah 200 ni kilo 55 hadi 65. Ukiibeba kwa mkono mmoja bila kuinama, ndani mna nusu ya risasi. Lithiamu ya Ah 100 ya V 51.2 ni kilo 40 hadi 50. Muuzaji asiyekubali mzani, mpe salamu uendelee na safari.

Nani achukue nini

Mjini, giza la saa chache: inveta ya haibridi ya V 24 na betri ya lithiamu ya V 25.6 Ah 100. Inatoa uniti 2, inatosha hadi saa 6 za nyumba yetu. Paneli baadaye, au zisije kabisa.

Pemba, au kijiji chochote cha mwisho wa laini: sola haibridi ya V 48, kwa sababu ya kebo moja. Akina mama wanaofundishwa ufundi wa sola Unguja ni ushahidi kwamba utunzaji wake hautaki shahada. Kwenye visiwa vidogo, ambako fundi anakuja kwa mashua, nunua vifaa vinavyofanana na vya jirani, ili fyuzi na viungio vya akiba viwe vya wote.

Mfanyabiashara wa samaki mwenye friza: hapa tunasema jenereta, lakini si peke yake. Changanya. Jenereta likiwa na inveta na betri ya lithiamu halizunguki usiku kucha kwa wati 330. Linawashwa jioni kwa muda wa saa mbili, linalisha friza na wakati huohuo linajaza betri kwa ampea 30, kisha linazimwa. Kuzijaza zile uniti 2.7 za nyumba kunachukua lita 2 na kidogo badala ya 6 na nusu. Kwa siku 90 ni kama lita 200 badala ya 585. Usipandishe chaji juu ya ampea 30 kwa jenereta la ukubwa huu, chaja za inveta za bei nafuu zinavuta kwa mikupuo na AVR inaungua. Friza zenyewe zijazwe chupa za barafu. Likijaa na lisipofunguliwa, linavumilia siku nzima.

Nyumba ya wageni ya vyumba 6: usijaribu kubeba AC zote kwa betri. Tenganisha saketi. Taa, feni, intaneti, friji na pampu ziwe upande wa inveta. AC na hita za maji zibaki upande wa shirika na jenereta. Utenganishaji huo kwenye bodi ya swichi ni kazi ya siku moja, na ukirukwa, mgeni mmoja akiwasha AC saa nane usiku anazima nyumba nzima.

Siku fundi anapomaliza, mwambie: "Fundi, kabla hujakusanya vyombo, tuizime swichi kuu." Friji, feni na taa ziwe zinawaka, taa zikipepesa mara moja, sawa, ruta ikizima, inveta imepangwa vibaya. Washa pampu juu ya mzigo huo. Iache nusu saa, kisha gusa ganda la waya wa betri karibu na kichwa chake: vuguvugu ni kawaida, moto maana yake kichwa hakikukazwa. Halafu mlipe sehemu, sehemu ibaki hadi kesho. Usiku huo zima tena swichi kuu saa mbili, lala, na alfajiri soma asilimia zilizobaki. Iandike kwa kalamu ya wino mzito kwenye ubavu wa inveta pamoja na tarehe, na mwakani tarehe hiyohiyo fanya tena.